Kliniki ya tumbo Dar: kwa aliyetolewa kifuko cha nyongo na bado anaumwa (nyota 4 kati ya 5)

Naacha maoni yangu hapa kwa ajili ya mtu aliyetolewa kifuko cha nyongo, kidonda kimepona, ndugu wameshampa pole zao zote, alafu tumbo linaanza upya na anaambiwa ni gesi. Mimi nimekaa kwenye hiyo hali miezi minne.

Nilifanyiwa upasuaji wa matundu mwezi wa tatu, hospitali nyingine siitaji, na upasuaji wenyewe sina neno nao, siku ya pili nilikua nyumbani Morogoro. Mawe yaliyokuwa ndani ya kifuko walinipa kwenye kichupa cha plastiki, madogo madogo kama mtama, mengi, nikayapiga picha nikamtumia dada yangu. Wiki ya kwanza bega la kulia liliniuma mpaka nikaogopa, kumbe ni ile hewa wanayojaza tumboni wakati wa upasuaji, baada ya siku tatu likaacha lenyewe.

Mwezi wa saba sasa, tumetoka kwenye hitma, nimekula pilau kama watu wengine, saa sita usiku maumivu yakanishika kwenye chembe ya moyo yakaenda kulia chini ya mbavu yakatokea mgongoni, natapika, nikikaa siwezi nikilala siwezi. Yalikua yale yale ya zamani, yani hata bila kuambiwa nimeyatambua. Nikarudi kule waliponipasua, nikaambiwa mama kifuko hakipo tena hayo mawe yatatoka wapi, ni gesi, chukua omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni. Nimeenda mara tatu nimepewa omeprazole mara tatu. Ultrasaundi ikasoma kawaida. Ikafika mahali hata nyumbani nikaacha kusema, mume wangu akiuliza namwambia niko sawa huku nimekumbatia mto, na hicho ndio kitu kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilishaanza kuamini labda ni mawazo yangu.

Shemeji yangu ni nesi, yeye ndio aliyenielekeza hapa. Nikapanda treni ya SGR asubuhi, kumuona daktari ni elfu 40 unalipa mapokezi kwanza. Daktari mtu mzima kidogo, kabla hajafungua faili akasema pole na safari mama, nionyeshe kwa mkono linapoanzia na linapoenda. Alafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ni maumivu yale yale ya kabla ya upasuaji au haya ni mengine? Yanakuja yanaondoka au yapo tu? Yanakukuta umekula au una njaa? Choo kikoje, mkojo una rangi gani? Akauliza na mawe, uliyaona? Nikampa simu. Akaivuta ile picha kwa vidole viwili akaiangalia mda mrefu kweli, akasema mama haya madogo ndio wasumbufu, kubwa linakwama kwenye kifuko lakini dogo linaweza kuteleza likaingia kwenye mrija mkubwa, kifuko kinatolewa lenyewe limebaki kule chini.

Akachukua karatasi akanichorea. Ini huku, mrija unashuka, kongosho nalo lina mrija wake, inakutana karibu na mlango mmoja wa kuingilia utumbo. Nyongo inatengenezwa na ini, nusu lita mpaka lita moja kila siku, kile kifuko kilikua stoo tu, kwahiyo kikitolewa nyongo inaendelea kupita njia ile ile na njia yenyewe inaweza kuziba. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakukimbilia jiwe moja kwa moja. Kwanza alinipima moyo, ile ECG, akasema mwanamke wa umri wangu akiumwa hapa juu ya tumbo lazima nihakikishe sio moyo. Akaniambia aliyetolewa kifuko anaweza kuumwa kwa mambo mengi na mengine hayahusiani na nyongo kabisa, kuna vidonda vya tumbo na bakteria wake ambavyo labda vilikuwepo toka mwanzo vikasingiziwa mawe, kuna kiungulia, kongosho kuvimba, utumbo wenyewe kuwa na hasira, ngiri kwenye yale matundu, kuna kipande cha shingo ya kifuko kinaweza kubaki kirefu na jiwe ndani, na ule mlango wa mrija unaweza kubana tu bila jiwe lolote. Na wiki za mwanzo kabisa anachoogopa zaidi ni nyongo kuvuja ndani. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja yeye toka apasuliwe anaharisha kila akila, yeye nyongo ndio inamwagikia utumbo mkubwa, kapewa dawa ya unga ya kukoroga na maji, kolestiramini, anasema sasa anaweza kusafiri kwa basi. Upasuaji ule ule, shida tofauti kabisa na yangu.

Akaniandikia karatasi nikarudi nayo Morogoro: maumivu yakija tena, ndani ya masaa machache nenda maabara upime ini na kongosho, usingoje yapoe. Chini yake kwa herufi kubwa: homa na kutetemeka, macho ya njano, mkojo mweusi kama koka, choo cheupe, hapo usipige simu kuomba nafasi, nenda dharura usiku huo huo. Siku tisa baadae yakaja, nikaenda, vipimo vya ini vimepanda juu. MRI ya mirija, ile picha ya mashine ya sumaku, ikaonyesha jiwe la milimita 6 chini kabisa, sehemu ambayo ultrasaundi inakosa mara nyingi kwasababu hewa ya utumbo inaikinga. Kumbe gesi ilikuwepo kweli, imelificha jiwe.

Wao hapa jiwe hawatoi, walinipa rufaa hospitali kubwa, na daktari alimpigia simu mwenzake mbele yangu. Ni kamera ya kupitia mdomoni, unalazwa usingizi, wanachana kidogo ule mlango wanalivuta jiwe na kiputo kidogo kinachojazwa hewa. Aliniambia wazi kabla sijasaini kwamba kongosho linaweza kuvimba baada ya hapo, ndio maana wanakuwekea kidonge cha njia ya nyuma kupunguza hiyo hatari. Nililala usiku mmoja. Asubuhi nikanywa uji nikangoja maumivu, hayakuja, nikalia mbele ya yule dada aliyeleta uji.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hizi. Simu ya mapokezi haipokelewi, mimi natoka mkoani nimeshafika siku daktari yuko safari na hakuna aliyenijulisha. Nafasi unapewa ya saa tatu unaingia saa saba, na mgonjwa wa tumbo aliyeambiwa asile tangu usiku anakaa pale na njaa yake. MRI inafanyika nje na bima yangu ililipa nusu tu, hilo wangekuambia mapema ujipange.

Ukienda beba karatasi za kuruhusiwa baada ya upasuaji, majibu ya kile kifuko kama kilipelekwa maabara, na picha ya mawe kama unayo. Andika na tarehe za maumivu, ulikula nini na yalikaa mda gani, atakuuliza. Jumanne na Alhamisi ndio anakuwepo, fika kabla ya saa mbili.