Ganzi haijashika, koleo liko mdomoni

Majuzi nimeng'olewa gego la chini kwenye kliniki moja ya meno hapa Kigoma mjini, na hasira haijaniisha. Sindano imetoka, sijameza hata mate, koleo limeshabana jino. Nanyanyua mkono, najibiwa: "Mtu mzima unaogopa jino?"

Siogopi jino. Ganzi ina muda wake! Gego la juu mfupa wake ni mwembamba, dawa inapenya palepale. Chini mfupa ni mgumu, kwa hiyo sindano inafuata mshipa wa fahamu kule nyuma ya taya, na inabidi kusubiri dakika 5 hadi 10. Alama ni mdomo wa chini: upande ule uwe mzito mpaka katikati ya kidevu. Kisha daktari achokonoe fizi kwa ncha ya chombo, upande wa shavu na upande wa ulimi. Kusikia unasukumwa na jino linalia, hiyo kawaida, ganzi haizuii mgandamizo. Kukichoma, aongeze dawa. Jino lenye usaha ndiyo kabisa, ganzi inashika kwa shida. Haya yote ameyasomea. Haraka ya nini?

Haki yake nampa: mkono anao. Jino limetoka zima na mizizi yake miwili. Nilitaka kuwaambia nendeni, ila mgome kufungua kinywa mpaka mdomo ufe ganzi.

Kilichofuata kimenibadilisha. Gozi, kile kitambaa cha kuzuia damu, mdomoni, "Haya, mwingine!" Hakuna aliyesema ung'ate kwa nguvu dakika 30 hadi 45 bila kuchungulia. Hakuna aliyesema usiteme-teme mate, usisukutue siku ya kwanza, usivute sigara, usinywe soda kwa mrija. Donge la damu linaloziba shimo la jino liking'oka, mfupa unabaki wazi. Siku ya pili au ya tatu, badala ya kupoa, maumivu yanapanda hadi sikioni na kinywa kinanuka. Hapo usikae na vidonge nyumbani, rudi shimo lisafishwe na kuwekwa dawa.

Parasetamo 2 za miligramu 500 mtu mzima ameze ganzi ingali ipo, kwa sababu ikiisha, saa 2 hadi 4 baadaye, maumivu yanakuja yote kwa mpigo. Arudie kila saa 6. Aspirini hapana, itachelewesha damu kukata. Saa 24 zikipita, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Yazungushe taratibu, yaache yadondoke yenyewe. Uji uliopoa, migebuka ya kuchemsha iliyotolewa miiba. Dagaa wa kukaanga waache kwanza, vipande vyao vinajikita shimoni.

Maelezo hayo ni dakika 2 tu, na bei tumelipa kamili. Kwa kung'oa, wanajua. Kwa kumhudumia mgonjwa, hapana, mimi sirudi. Ukilazimika kwenda, koleo likikaribia sema "mdomo bado", na usiinuke kwenye kiti kabla hujapewa gozi ya akiba ya kwenda nayo nyumbani.