Uzoefu wangu: sindano ya goti na fiziotherapia hapa Mbeya

Wengi wanaokwenda kuchomwa sindano ya goti wanadhani wanaongezewa mafuta yaliyoisha. Sivyo. Kinachoingizwa ni stiroidi, dawa ya kupoza uvimbe wa ndani ya kiungo. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, likishalika linabaki vilevile. Maumivu yanapungua kwa wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita, na hizo ndizo wiki za kufanya mazoezi ambayo goti lilikuwa linayakataa. Nimeitumia huduma hii kwa goti la kulia na kwa kazi hiyo naisifu. Anayeitaka ili kesho yake ashuke makorongo ya Rungwe na mkungu wa ndizi kichwani atapoteza pesa zake.

Kabla ya yote ni picha. Eksirei ya goti ipigwe ukiwa umesimama, miguu yote miwili kwenye picha moja. Ukipigwa umelala, uzito haupo, nafasi kati ya mifupa inaonekana pana kuliko ilivyo, na unaambiwa goti ni zima. Ukiona unaelekezwa kitandani, uliza kwa heshima kama inawezekana kusimama.

Sindano yenyewe haizidi dakika chache, lakini hapo ndipo ubora wa mtaalamu unapoonekana. Unalala chali, taulo lililokunjwa chini ya goti ili lipinde kidogo na misuli ilegee. Daktari anapapasa pia ya goti, anaweka alama upande wa nje juu yake, anasafisha kwa iodini na kuiacha ikauke. Kukauka ndiko kunakoua vijidudu. Anayepaka na kuchoma papo hapo anaharakisha mahali pasipotakiwa haraka. Dozi ya kawaida kwa goti la mtu mzima ni triamsinoloni, ndiyo stiroidi yenyewe, miligramu 40, yaani mililita 1, ikichanganywa na mililita chache za lignokeini ya asilimia 1, dawa ya ganzi. Triamsinoloni ni nyeupe na hutuama chini ya kichupa, kwa hiyo lazima itikiswe kabla ya kuvutwa. Isipotikiswa unachomwa maji na dawa inabaki kwenye chupa. Kichupa changu kilifunguliwa mbele ya macho yangu, jambo ninalolipa uzito mkubwa, kwani kichupa kinachochovywa siku nzima kwa wagonjwa tofauti ni njia ya wazi ya maambukizi.

Sindano ikishaingia, daktari anavuta kwanza. Umajimaji wa rangi ya njano unaopenyeza mwanga ni wa kawaida kwa goti lililosagika. Ukitoka mzito wenye ukungu, kazi isimame hapo, sampuli ipelekwe maabara na stiroidi isiingizwe, maana inaweza kuwa usaha. Dawa inapoingia haitakiwi kukataa. Bomba likiwa gumu kusukuma, ncha iko kwenye kano au mafuta ya pembeni, na sindano isogezwe badala ya kulazimishwa. Dawa ikivuja chini ya ngozi huacha baka jeupe, ngozi nyembamba, na kwetu wenye ngozi nyeusi baka hilo linaonekana kwa miezi.

Yapo mambo ambayo mgonjwa ayaseme mwenyewe hata asipoulizwa. Kisukari: sukari hupanda kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, hivyo pima mara nyingi zaidi ya kawaida. Warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Homa, jipu au kidonda karibu na goti. Na hili linasahaulika sana nyanda za juu kusini: anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir, kama wengi walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa dawa baada ya zile za kwanza kushindwa, amwambie daktari. Ritonavir huzuia ini kuivunja triamsinoloni, dawa inalimbikizana mwilini, uso unavimba, na tezi zinazotengeneza stiroidi ya asili zinalala. Sindano moja inatosha kuleta hayo. Wenye dolutegravir, dawa nyingine ya VVU, bila ritonavir hawana shida hiyo.

Ukitoka unajisikia mzima. Hiyo ni ganzi, na itaisha baada ya saa chache. Usiku wa kwanza maumivu yanaweza kurudi, hata kuzidi. Kanda kwa kitu cha baridi na upunguze kutembea siku mbili. Stiroidi huanza kuonekana ndani ya wiki ya kwanza. Goti likizidi kuuma baada ya siku ya tatu, likawa la moto, likakataa kukunjika, au homa ikaja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mazoezi yaanze maumivu yakishatulia. Kaa umenyoosha mguu, taulo chini ya goti, ligandamize chini kwa msuli wa paja, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, mizunguko mitatu. Kisha kusimama na kuketi kwenye kiti bila kushika, halafu kupanda kidaraja cha sentimita 15. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika mradi yawe yametulia kesho yake. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Karibu kila ninayemwona barabarani ameishika upande uleule. Ukishuka ngazi, mguu mbovu utangulie, ukipanda, mzima. Choo cha kuchuchumaa wekea kiti chenye tundu. Na uzito: kila kilo unayopunguza huliondolea goti takribani kilo nne za mzigo kwa kila hatua.

Kurudia kuchomwa kusiwe chini ya miezi mitatu, na mimi sishauri iwe desturi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwachoma watu triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili: gegedu lililika zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Mwingine wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 156, ulilinganisha sindano na fiziotherapia; baada ya mwaka mmoja, wale waliopewa fiziotherapia walikuwa na maumivu machache na utendaji bora kuliko waliochomwa. Anayepangiwa kubadilishiwa goti asichomwe miezi mitatu kabla ya upasuaji.

Kasoro niliyoiona ni mpangilio: miadi ya fiziotherapia ilitolewa kwa mbali mno na siku ya sindano, nafuu ikawa inaliwa na foleni. Kabla ya kulipia, nenda dirisha la fiziotherapia kwanza ukaulize nafasi ya karibu. Ikiwa ni mwezi ujao, panga sindano mwezi ujao pia.