Njia ya upole, madamu mkali

"Huyu mtoto ana tatizo la akili, au ni kwamba nyumbani hamwongei Kiingereza?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa na madamu anayewasimamia watoto Ijumaa, mbele ya wazazi wenzangu, mwanangu kasimama pale pale, mikono nyuma, anasubiri kuambiwa kama amefanya vizuri. Ana miaka minane. Si kiziwi.

Huduma ninayoilalamikia iko Kampala. Wanauza mpango wa kusomesha watoto nyumbani kwa vitabu vya hadithi badala ya vitabu vya kiada. Unalipa kwa muhula, unapewa orodha ya vitabu, ratiba ya wiki na nafasi kwenye kundi la WhatsApp, halafu Ijumaa mnakutana kwenye bustani ya nyumba moja huko Muyenga ili watoto wasimulie walichosoma. Jina lao silitaji, wakisoma hapa watajijua. Bei waulizeni wenyewe. Kabla hujalipa wanajibu upesi sana.

Niseme kwanza kwa nini tulijiunga, maana kuna watakaosema niliyataka mwenyewe. Binti yangu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameanza P1, darasa la kwanza la msingi, serikali ilipofunga shule Machi 2020. Zikaja kufunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Masomo ya redioni tuliyasikiliza mpaka betri zikaisha, na yale makaratasi ya serikali tuliyajaza. Ila kilichombakiza na akili timamu ni hadithi. Bibi yake alikuwa anampigia simu jioni na kumtolea hadithi za Sungura, jirani Mganda naye anamletea za Wakayima, ambaye ni sungura huyo huyo mwenye tabia mbaya zile zile. Aliporudi shuleni akakuta kukariri, mitihani kila mwezi, kochingi hadi likizo, na gari linalomchukua kabla hakujapambazuka. Mtoto akaanza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni. Mdogo wake alipofika P2 naye akaanza lile lile tumbo, tukasema basi. Na ile orodha ya mahitaji, mifagio, rimu za karatasi, karatasi za chooni, wacha nisiifungue leo, nitaharibu siku.

Kwa hiyo niliposikia kuna njia ya upole, nilishikwa. Chimbuko lake ni Mwingereza mmoja, Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, ambaye alikuwa na chuo chake Ambleside, kwenye ile sehemu ya Uingereza yenye maziwa mengi. Alitaka mtoto asomewe kitabu kilichoandikwa na mtu anayependa anachokieleza, si muhtasari uliokaushwa. Masomo ya watoto wadogo ni mafupi, dakika kumi na tano, ishirini, yanakwisha kabla mtoto hajachoka. Kipande kinasomwa mara moja tu, halafu mtoto anasimulia kwa maneno yake mwenyewe. Mchana ni wa nje: miti, wadudu, ndege, na daftari la kuchora alichokiona. Kanuni zake ziko 20, na ya kwanza kabisa inasema mtoto huzaliwa akiwa mtu kamili. Nilipoisoma hiyo nililipa usiku ule ule.

Na inafanya kazi, jamani. Hilo sitalikana hata nikiwa na hasira kiasi gani. Baada ya wiki chache binti yangu alikuwa anaosha vyombo huku anasimulia vita vya wafalme asiowajua, anabishana nao. Mdogo wake, ambaye P2 walimwandikia kwenye ripoti kwamba hashiriki darasani, akawa hanyamazi. Usiku wa nsenene, wale panzi wanaoliwa, alitoka na chupa, akarudi na maswali: mbona hawa ni kijani na wale kahawia, ni ndugu? Tukatafuta, tukakuta ni ndugu, aina moja yenye rangi mbalimbali. Akachora wote. Akaenda kumwuliza yule jirani yetu wa ukoo wa Nsenene inakuwaje hali kitu kitamu hivi, akaelezwa mambo ya miziro, yaani kitu ambacho ukoo umejikataza kula, mpaka chakula kikapoa. Shule gani ingempa jioni ya namna hiyo?

Sasa Ijumaa yenyewe. Ilikuwa siku ya mvua, wakati fulani katikati ya muhula, tumetoka Entebbe mapema na foleni ya kuingia Kampala mnaijua. Kitabu cha wiki hiyo kilikuwa cha ndege mdogo wa Uingereza mwenye kifua chekundu, anayehangaikia chakula kwenye theluji. Mwanangu akaitwa. Akaanza kwa Kiingereza, vizuri tu, ndege ana njaa, ardhi imeganda, hapati minyoo. Halafu wazo likamjia, nikaliona usoni, na wazo lake likaja na lugha yake, Kiswahili: "Lakini angekuja kwetu asingekufa njaa. Novemba angekula nsenene mpaka ashindwe kuruka."

Watoto wakacheka, kicheko kizuri. Mimi nikajisemea, hiyo ndiyo maana ya kuelewa kitabu. Madamu akainua mkono. "Simama. Kwa Kiingereza. Sentensi kamili. Anza upya."

Akaanza upya. Akakwama. Akaambiwa tena aanze upya. Akanywea kama kobe aliyeguswa. Ndipo madamu akanigeukia mimi na lile swali.

Nikamwambia, "Madamu, muulize yeye mwenyewe, anakusikia." Akatabasamu, lile tabasamu la mtu wa ofisini anayekuonyesha mlango. "Mama, hapa tuna viwango." Akaita mtoto mwingine.

Nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza, na si cha maonyesho. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nimezaliwa kambini, na kambini Mlugbara, Mteso, Mnyankole na Mganda wote wanakutania kwenye Kiswahili. Mume wangu ni wa Busia, mpakani na Kenya, huko usipokijua Kiswahili hata nyanya hununui. Najua Kampala bado wapo wakisikia lugha hii wanakumbuka bunduki na wezi. Mimi nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, kwenye teksi na dukani, na nimeyazoea. Lakini Baraza la Mawaziri lilishapitisha mwaka 2022 kwamba ni lugha rasmi na ifundishwe kwa lazima shuleni. Wewe unayeuza elimu ya upole ndiye wa kumwaibisha mtoto kwa ajili yake?

Kinachoniwasha zaidi hata si lugha. Mama Mason mwenyewe aliandika kwamba mtoto akisimulia asikatizwe, asisumbuliwe na masahihisho, aachwe amalize. Limo kwenye makaratasi yale yale waliyotuuzia! Nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sijui madamu aliyasoma au aliyapiga chapa tu.

Basi mwanangu akaacha kusimulia. Nikimaliza kusoma anatazama mlangoni. "Sitaki, mama, nitakosea." Ndiyo maneno yale yale ya P2. Nililipa pesa ili niyakimbie, nikauziwa tena, mara hii yakiwa na picha za maua.

Nikaandika kwenye kundi. Kwa adabu, mume wangu ni shahidi, alinisahihishia sehemu mbili nikapoza. Jibu likaja la sauti, refu, kuhusu wazazi wasiojiandaa. Baba mmoja akaanza kuandika kunitetea, nikamwona anaandika, halafu nikatolewa kundini. Nilidai pesa za muhula uliobaki. Zilirudi sehemu, kwa simu, bila neno hata moja, wala ada ya kutolea hawakuweka.

Nirudi kwenye vitabu kidogo, maana hapa nimegawanyika. Orodha yao karibu yote ni ya Uingereza, na kalenda ya matembezi ni ya huko pia: wiki hii tafuta machipukizi ya kwanza baada ya baridi. Baridi ipi? Entebbe iko karibu kabisa na ikweta! Hapa tuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, mbega wanaruka juu ya vichwa vyetu, kwarara wanapiga kelele alfajiri kuliko muadhini, kalooli, wale korongo wakubwa wala taka, wamejaa kwenye jalala, na sisi tunaambiwa tuchore ndege wa kwenye kadi za Krismasi. Niliwahi kuuliza kama hadithi za Sungura na Abunuwasi zinaweza kuingia kwenye ratiba. Nikajibiwa kuwa hizo ni "za ziada, mzazi akipenda". Za ziada! Ndizo zilizomlea binti yangu miaka miwili ya kufungiwa.

Lakini nikisema vitabu vyao ni vibaya nitakuwa nadanganya. Binti yangu alivipenda. Kile cha theluji alikisoma tena peke yake, akaniuliza kama theluji ina harufu. Mtoto kusoma habari za mbali si dhambi, hata mimi nilisoma za mbali na sikudhurika. Ubaya ni mtu kukutazama usoni akakuonyesha kwamba za mbali ndizo vitabu, na zako ni porojo.

Mtihani ni jambo jingine, na hapa mzazi mpya afungue macho. Ukiuliza habari za PLE, mtihani wa kumaliza msingi, wanakuambia usiwaze, mtoto si alama. Kauli nzuri. Ila UNEB, baraza la mitihani la taifa, haijui kauli. Akifika P7 jina lake lazima lipite kwenye shule yenye namba ya kituo, na atafanya karatasi nne zile zile za Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST, yaani maarifa ya jamii. Huduma haikutusaidia lolote katika hilo. Binti yangu anakaribia, ikabidi tuzunguke wenyewe. Mwalimu mkuu wa shule moja ndogo, ambaye nilimwendea nimeshajikunja kwa ubishi, akamwambia binti, "Nisimulie kitabu unachosoma sasa." Akamsikiliza hadi mwisho. Kwa Kiingereza, na kilipomwishia akamalizia kwa Kiswahili, mzee wa watu hakukunja hata uso. Akasema alete vitabu vyake, atafanya majaribio ya mtihani na wenzake. Upole nilioulipia Muyenga nikaupata bure kwenye ofisi yenye bati linalovuja.

Kwa hiyo nawapa alama gani? Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa sifuri. Ile ratiba ya masomo mafupi bado naitumia kila asubuhi, kwa hiyo sifuri si haki. Mbili. Tatu, kama madamu angekuwa mtu mwingine. Wapo wazazi wa Kampala wanaosema kundi lao la Jumatano linasimamiwa na dada mwingine, mtaratibu, na watoto wao wanafurahi. Siwezi kuwabishia. Mwenye mtoto anayetiririka Kiingereza pengine hataona nilichoona mimi. Hapana, mbili. Nikimkumbuka amesimama pale, ni moja.

Njia yenyewe ichukueni, haina mwenyewe. Mwanangu ameanza tena kusimulia, polepole, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza kinafuata chenyewe, na kwenye ratiba yetu Jumanne ni siku ya Sungura. Vitabu vya ndege wa theluji viko kwenye boksi sebuleni, seti karibu nzima, safi. Mzazi wa Entebbe anayevitaka aniandikie, aje avichukue bure. Makaratasi yenye mstari mwekundu nimeyaweka juu kabisa.