Programu ya kukimbia na muziki inayouangusha wimbo ukipunguza mwendo tu: uzoefu wangu

Nimevumilia vya kutosha, sasa naandika. Programu hii ya kulinganisha muziki na hatua za mkimbiaji ina ugonjwa mmoja unaoharibu mazuri yake yote: ukiacha kukimbia, inauangusha wimbo puu!

Inavyofanya kazi sirefushi, maelezo yapo dukani. Simu inahesabu hatua zako, kisha inaongeza au kupunguza kasi ya mdundo bila kuibadilisha sauti ya mwimbaji. Wimbo wa mapigo 85 kwa dakika, ukipiga hatua mbili kwa kila pigo, unakupa hatua 170. Miguu ikienda 176, programu inaupandisha wimbo hadi 88. Ndivyo ilivyokuwa siku moja nikikimbia. Mwili umeshapata moto, jasho linatiririka, na wimbo ninaoujua tangu utotoni ukawa mpya kabisa. Besi ilikuwa inapiga pale pale mguu unapogusa chini. Kuna kayamba la nyuma ambalo nikiwa nimekaa huwa silisikii kabisa, siku hiyo ndilo lililokuwa linanivuta mbele. Raha ile siwezi kuikana hata nikiwa na hasira hizi.

Nikamaliza, nikaanza kutembea. Sekunde chache tu, wimbo ukaporomoka. Mwimbaji yule yule, lakini sasa anavuta maneno kama mtu anayekokota gunia la mchanga. Moyo wangu bado unadunda kwa kasi, pumzi ziko juu, na huku masikioni mtu anasinzia! Nilichomoa eafoni nikamalizia njia bila muziki.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikajibiwa hivi: "Ndugu mteja, wimbo umerejea kwenye kasi yake ya asili. Hakuna tatizo lolote. Pumzika kwanza, kisha usikilize tena."

Pumzika kwanza! Yaani mimi ndiye mbovu. Najua umerudi kwenye 85, skrini naiona. Ninacholalamikia ni kwamba 85 ya mtu aliyekaa kwenye kiti na 85 ya mtu aliyetoka mbioni sasa hivi hazisikiki sawa, na kampuni inayouza muziki kwa wakimbiaji ilipaswa kulijua hilo kabla yangu. Halijifichi popote. Mwaka 2015 Kelly Jakubowski na wenzake walichapisha utafiti ambao watu walipewa nyimbo wanazozifahamu, wakaambiwa warekebishe kasi mpaka wimbo usikike sawasawa. Walipotoka kufanya mazoezi, walichagua kasi ya juu zaidi. Mwili ukichemka, ile kasi unayoiona ndiyo "sawasawa" nayo inapanda, kwa hiyo kasi ya asili inakujia kama imezubaa. Tofauti ya mapigo matatu tu, na wimbo mzima umekufa.

Niliwaandikia yote haya kwa adabu. Wakanirudishia ujumbe ule ule, neno kwa neno, na "Ndugu mteja" yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nafasi ya muziki mazoezini si kubwa hivyo. Ukipandisha mlima kwa nguvu zako zote, muziki unabaki mbali, kwa sababu pumzi na mapaja yanayowaka yameshakamata akili yote. Mtafiti Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ameandika kwa miaka mingi kuhusu jambo hili: muziki hupunguza hisia ya uchovu hasa kwenye mazoezi mepesi na ya wastani, lakini juhudi zikiwa kali mno nguvu hiyo hufifia. Basi sehemu zenye utamu ni ule mwendo wa katikati na ule wa kupoza mwili. Mbili tu, na moja wameiharibu. Wangeushusha wimbo taratibu, kwa dakika kadhaa, moyo nao ukishuka, nisingekuwa na neno. Simu inayoweza kunyoosha mdundo wote ule inashindwaje kusubiri kidogo?

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka nyota moja, na nilitaka kuwaambia msiinunue. Lakini sijaifuta kwenye simu. Nimejaribu kukimbia na orodha ya nyimbo za kawaida, kila wimbo unaenda kivyake na miguu inaenda kivyake, nikarudi huku huku. Kwa hiyo nyota moja ni uonevu. Tatu. Hapana, nne kwa programu, maana ile dakika besi inapokutana na mguu hakuna kingine kilichowahi kunipa. Huduma kwa wateja haipati hata moja, na hilo silibadilishi.

Kifurushi kikiisha nitalipia tena, na malalamiko nitayatuma tena.