Nimejaribu kifaa cha USB cha kuhamisha mikanda ya VHS kwenda DVD, je picha inabaki ilivyo?

Haya jamani karibuni tena, leo mezani nina deki ya zamani ya VHS, mkanda wa harusi ya shangazi yangu wa mwaka 1994 kule Tanga, na hiki kifaa cha USB kidogo kama kiberiti nilichonunua Kariakoo, kina tundu la njano, nyekundu na nyeupe, na hapa pembeni lile la duara la S-Video. Wengi mmeniuliza kama kinafaa, nimekaa nacho wiki mbili sasa ndio nawaambia.

Ila kwanza muone kilichonifanya nikinunue. Huu mkanda tulishawahi kuupeleka kwa fundi akatuchomea DVD, saa tatu zote kwenye diski moja, tukafurahi kweli. Sasa oneni hapa, nimesimamisha picha, huyu ni bibi yangu anapiga vigelegele, kanga yake imeandikwa "Wema hauozi", kwenye mkanda unasoma bila shida lakini kwenye ile DVD ni doa jeupe tu limejaa viboksi. Bibi alishatangulia mbele ya haki na hatuna video yake nyingine, kwa hiyo hilo doa linaniuma.

Nikafungua taarifa za lile faili la DVD nikakuta picha ni nukta 352 kwa 288. Jamani, mkanda wa PAL, yaani mfumo wa TV wa kwetu, picha yake ina mistari 576, na DVD inaweza kuibeba yote, 720 kwa 576. Kwa hiyo nusu ya mistari ilitupwa, na mwendo nao ukapungua kwa nusu, maana mkanda unatoa nusu-picha 50 kila sekunde, mara mistari ya witiri mara ya shufwa, ukitupa upande mmoja ndio unaona watu wanacheza ngoma kama wanashtuka.

Turudi kwenye kifaa. Programu inayokuja na CD yake sijaipenda hata kidogo, inabana video, yaani inapunguza ukubwa wa faili, palepale inapoipokea, halafu ukienda kuchoma DVD inabanwa tena mara ya pili, na kila ukibana kuna kitu unapoteza. Nikaiacha nikatumia VirtualDub, ya bure hiyo, nikaweka PAL, 720 kwa 576, kodeki, yaani njia ya kuhifadhi video, ya HuffYUV ambayo haitupi chochote. Inakula nafasi kwelikweli, tenga kama GB 30 kwa kila saa moja. Na wakati inarekodi kuna namba inaonyesha fremu, yaani picha moja moja, zilizodondoka, ikodolee macho kama maziwa yaliyoko jikoni, ikianza kupanda simamisha, funga brauza na kila kitu kingine, anza upya, la sivyo sauti na midomo vitaachana njiani.

Waya sasa. Usichukue picha kupitia waya wa antena, huo ndio mbaya kuliko wote, tumia wa njano. S-Video inapitisha mwanga na rangi kila kimoja njia yake kwa hiyo ni safi zaidi, lakini deki nyingi za kawaida hazina tundu lake, utalikuta kwenye deki za S-VHS, zile za daraja la juu, au kamera za mkanda za Hi8. Mwenye mkanda mdogo wa kamera wa MiniDV hiki kifaa hakikuhusu, picha yako ni dijitali tayari, itoe kwa waya wa FireWire kutoka kwenye kamera ije kama ilivyo. Na kama ndugu alikutumia mkanda kutoka Marekani basi huo ni NTSC, mfumo wa TV wa kule, badilisha mpangilio na uhakikishe deki yako inausoma.

Kitu kingine watu wanakidharau ni kusafisha vichwa vya deki. Zile chenga kwenye picha si ubaya wa macho tu, DVD inabana video kwa njia iitwayo MPEG-2 na chenga hazibaniki, kwa hiyo zinakula nafasi ambayo ingeenda kwenye sura za watu.

Kwenye kuchoma mimi sasa ni saa moja diski moja, basi. DVD ya kawaida ni GB 4.7, video yake mwisho wake ni megabiti 9.8 kwa sekunde, mimi naweka 8 na saa moja inaingia vizuri, harusi ya shangazi imekuwa diski tatu. Ukiona kwenye laptopu picha ina meno kama kitana mtu akitembea usiogope wala usibonyeze kile kitufe cha deinterlace, cha kuondoa hayo meno, yaache, deki ya DVD na TV vinajua kuyaunganisha. Ila angalia mpangilio wa nusu-picha, yaani ipi inatangulia, ukiugeuza kila kinachotembea kitatetemeka mbele na nyuma.

Ubaya wake upo. Pale mkanda ulipojikunja picha inapinda juu na kifaa hakiwezi kuinyoosha, na pia maboksi yanafanana ila chipu za ndani zinatofautiana, kwa hiyo kijaribu kabla hujatoka dukani. Lakini kwa mkanda ulio mzima nakikubali, kinunue, ile CD yake iache kwenye boksi.

Na hii hapa DVD mpya, sehemu ileile, nasimamisha... mnaona? Wema hauozi, herufi zote.