TAHADHARI: Amplifaya ya valvu ya "wati 100" kwa ajili ya Magnepan, msitume advansi

Wakuu, kwa mnaotafuta amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) ya kusukuma zile spika bapa za Magnepan: kuna muuzaji hapa Dar anawazungukia watu kwenye makundi ya WhatsApp. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, maana kila akishtukiwa anafungua akaunti nyingine. Tangazo lake ndilo halibadiliki: "valvu orijino, wati 100 kwa 100, inasukuma spika bapa yoyote, mzigo wa Japani." Anataka nusu ya pesa kwanza kwa simu, nusu mzigo ukifika.

Mdau mmoja aliyeshalipa aliniletea kitu chenyewe nikifungue. Ndani kuna kiubao cha amplifaya ya daraja D (aina inayokuza sauti kwa chipu, si kwa valvu) chenye chipu ya TPA3116, valvu mbili ndogo za 6J1 upande wa kuingilia sauti, na chini ya kila valvu kimewekwa kitaa cha LED cha rangi ya chungwa ili ionekane inawaka kweli kweli. Umeme unatoka kwenye adapta kama ya kompyuta mpakato, volti 24, ampea 5. Zidisha mwenyewe: wati 120, jumla, kabla ya hasara yoyote. Hizo 200, yaani 100 kila upande, anazitoa wapi? Texas Instruments wanaoitengeneza chipu hiyo wanaiandikia wati 50 kila upande kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), tena hapo sauti imeshaanza kuchafuka.

Chipu yenyewe haina ubaya. Ikiuzwa kwa jina lake na bei yake, kwa spika ndogo za sebuleni ni kitu kizuri sana. Huyu anaiuza kwa bei ya amplifaya nzima ya valvu.

Sasa kwa nini anawawinda wenye Magnepan? Kwa sababu anaijua shida yao. Spika hizi, zinazotengenezwa Minnesota, Marekani, tangu Jim Winey aanzishe kampuni mwaka 1969, hazina boksi. Ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa nyaya au vipande vyembamba vya foili, imetandazwa mbele ya safu za sumaku. Mtu akizipata za mtumba akazifunga kwenye amplifaya aliyonayo, zinalia kama zimefunikwa blanketi. Anaanza kuulizauliza, anaambiwa "tafuta valvu", na tapeli yuko pale pale anamsubiri.

Hesabu ya shida hiyo ni hii. Chukua modeli ya Magnepan 1.7: ina omu 4, na kiwandani wanaiandikia desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa volti 2.83. Wengi wanasoma hapo kana kwamba ni wati moja. Kwenye omu 4, volti hizo ni wati mbili, kwa hiyo kwa wati moja unabaki na 83. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, nguvu inazidishwa mara mbili. Kufika desibeli 100 ukiwa mita moja tu unahitaji kama wati 50, na kishindo cha ngoma kikitaka 103, ni wati 100 za kweli. Spika ya boksi yenye 89 kwa wati moja ingetosheka na robo ya hizo.

Ukimbana, anakuletea habari za Quad, kampuni ya sauti ya Uingereza. Atakwambia Waingereza walikuwa wanaendesha spika bapa kwa amplifaya ya Quad II, yenye valvu za KT66, wati 15 tu. Ni kweli kabisa, ila spika hiyo ni Quad ESL ya mwaka 1957, ya umemetuli (inasukumwa na chaji ya umeme, si sumaku), na ukiizidishia volti ndiyo unaiua. Kwa Magnepan yako habari hiyo haina msaada wowote.

Na valvu zinaweza, tusizionee. Mzigo ambao Magnepan inaipa amplifaya ni mtulivu, omu zake hazipandi na kushuka ovyo, hivyo amplifaya ya kweli ya valvu kubwa za KT88, yenye tundu la kufungia spika za omu 4, inaimba vizuri kwenye chumba cha wastani. Lakini wati za valvu zina uzito, kwa sababu ya transfoma. Amplifaya ya valvu ya McIntosh MC275, wati 75 kila upande, ina kilo kama 30. Ya huyu bwana unaibeba kwa mkono mmoja huku umeshika simu kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, mwambie aiweke kwenye mzani na akurushie video, pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako. Aonyeshe transfoma: ya umeme moja na za kutolea sauti mbili. Aonyeshe nyuma, panapofungwa spika, palipoandikwa omu 4 na 8. Kisha aiwashe ikiwa imezimwa muda mrefu; valvu huchukua sekunde kadhaa kupata moto, ikilia papo hapo ujue hizo ni mapambo. Video ya muziki pekee usiipokee, huoni inapiga spika gani. Na usifungue mwenyewe amplifaya ya valvu ya kweli, mle ndani kuna mamia ya volti, na yanaweza kubaki hata ukichomoa waya.

Ukimlalamikia, jibu lake ni moja: "Valvu hazijazoea, zipe saa 200." Usikubali. Anasubiri siku zipite, kisha anakublock.

Siku hizi ameanza kutangaza amplifaya ya valvu za "300B". Hata ingekuwa ya kweli, 300B moja kila upande inatoa wati 8 hivi. Kwa 1.7 hizo ni desibeli 92, umeishia hapo.

Aliyetuma pesa leo au jana apige simu mtandao wake sasa hivi aombe muamala uzuiwe, na asifute meseji hata moja. Picha za ndani ya kile kiubao ninazo. Anayekwenda kufungua kesi aniambie nimtumie.