Mbao za baraza ya nje Mwanza: mkongo kwanza, mninga wako ubaki ndani

Watu wa huku ukisema mbao nzuri wanakujibu mninga, mjadala umeisha. Kitanda mninga, mlango mninga, kabati la TV mninga, sasa mtu kajenga zake Bwiru au Nyegezi kwenye yale mawe, ziwa lote liko mbele yake, anataka baraza ya mbao nje ya kukaa jioni, anaenda tena kununua mninga. Sio dhambi, ila hela inaenda bure maana kwenye mninga unalipia ile rangi na mistari yake, na nje rangi haikai. Tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ikweta iko hapo tu, jua la huku mbao isiyopakwa kitu inageuka kijivu, iwe mninga, iwe mvule, iwe paini. Baada ya hapo unabaki na maswali matatu tu: inaoza? mchwa wanaila? inapinda? Hayo ndio nimeyatumia kupanga orodha ya mbao hapa chini.

Ila kabla ya aina ya mti angalia ukavu. Mkongo mbichi ni mbaya kuliko paini kavu, narudia, mkongo mbichi ni mbaya kuliko paini kavu. Mbao ikija mbichi fundi akaipiga skrubu leo, kiangazi cha Juni mpaka Agosti kikifika inasinyaa, inapinda, inang'oa skrubu zake yenyewe. Muuzaji yeyote atakwambia "hii kavu kabisa boss", sasa wewe omba kipande cha mwisho wa mbao, kipime kwenye mizani ya duka la jirani, kianike juani wiki moja halafu kipime tena. Kilikuwa gramu 1,000 kimerudi 960 au 970, sio mbaya. Kimerudi 800, hiyo juzi tu ilikuwa mti. Ukiwa na subira nunua mapema, zipange kivulini juu ya matofali na vijiti katikati hewa ipite, usiziweke juani zitapasuka vichwa.

Kitu kingine ni ile sehemu nyeupe ya pembeni. Sifa zote za kutooza na kutoliwa na mchwa ni za moyo wa mti, ile nyeupe hata kwenye mkongo bungua wanaitoboa vizuri tu. Na kuna wajanja wanapaka rangi nyekundu nyekundu mbao za mti unaoitwa mtundu au hiyo nyeupe wanauza kama mninga, kwa hiyo mwambie apige randa kidogo pale pale mbele yako, rangi ikitoka na maranda hapo ng'wanawane ondoka.

Haya, orodha.

Namba moja ni mkongo, kule pwani wanauita mbambakofi. Mzito, kama kilo 800 kwa mita ya ujazo ukiwa mkavu wakati mninga uko kwenye 600 na kidogo, hausinyai sana, mchwa hawauwezi, ukikanyagwa na viatu vya kisigino au ukiburuza kiti cha chuma hauachi alama kirahisi. Kwa baraza inayopigwa mvua yetu, vuli Oktoba mpaka Desemba halafu masika Machi mpaka Mei, sioni mbao ya hapa nyumbani inayoushinda. Ubaya wake ni kwa fundi, misumari inapinda, lazima drili itangulie kila tundu, misumeno inaisha makali, atakuongezea hela ya ufundi na hapo usibishane naye sana ana haki. Mzigo mwingi unatoka upande wa misitu ya miombo, Tabora, Katavi huko.

Namba mbili mvule. Huu mafundi mitumbwi wa ziwa hili wameutumia miaka mingi kwa hiyo habari ya maji haina ubishi. Unakuja kutoka Kagera na Congo, ni mwepesi kuliko mkongo, unarandika vizuri isipokuwa pale unapokutana na mawe ndani ya mbao, ndiyo mawe kabisa, mti wenyewe unatengeneza vijiwe vya chokaa vinaharibu bledi. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, fundi avae barakoa. Kilichoushusha namba mbili ni upatikanaji, mvule mkubwa umepungua sana, na ukienda dukani mara mbili unaweza kukuta mizigo miwili tofauti kabisa, kwa hiyo ukipata mzigo mzuri chukua wote siku hiyo hiyo.

Namba tatu sasa ndio mninga wenu. Kwa kutulia hakuna wa kuugusa, ukishakauka haupindi haunyanyuki, na mchwa wanaukwepa. Ila ni laini kidogo kwa mguu wa kiti, na bei yake imebebwa na watu wa fanicha. Baraza yako ikiwa na paa la bati juu, mvua haiigusi na jua linaifikia asubuhi tu, hapo ipandishe iwe namba moja, rangi utaifaidi.

Nne ni tiki, msaji. Najua mtandaoni ndio mfalme wa dunia, meli za zamani na nini, lakini zile zilikuwa mbao za miti iliyozeeka. Tiki yetu inalimwa Longuza kule Tanga, Mtibwa na Kilombero Morogoro, na inayofika sokoni mara nyingi ni ya miti midogo iliyopunguzwa shambani, nusu ya ubao nyeupe. Ongeza na nauli ya lori mpaka Mwanza. Ukipata yenye moyo mtupu ni mbao safi sana, ila sio ya kuitafutia safari.

Tano paini ya dawa. Kwa kukanyagia juu naiweka tano, ina vifundo, inachanika vijiti vinachoma miguu ya watoto. Lakini kwa fremu ya chini, yaani boriti zisizoonekana, mimi naiweka ya kwanza kabisa, kuzika mkongo chini usikoonekana ni kujionyesha kwa mchwa. Na haipo mbali, kuna shamba la miti Rubya pale Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa, sio lazima ile ya shamba la Sao Hill kule Iringa. Cha kuangalia ni dawa iliingizwa kwa mtambo wa presha au ilipakwa kwa brashi. Kata kichwa cha mbao, ukijani ukiwa umeingia ndani ni presha, ukiwa kama ngozi tu juu hiyo ni rangi. Kila mnapokata pakeni dawa upya. Na vipande vinavyobaki, tafadhali, visiende kwenye jiko la nyama choma, ile dawa ya kijani ya kawaida ina aseniki, moshi na majivu yake ni sumu.

Sita mkaratusi, kwa sababu ni wa bei rahisi na upo kila mahali. Unapasuka na kujisokota kama kamba. Nguzo zilizotiwa dawa sawa, mbao za kukanyagia hapana.

Zile mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao sijazipa namba, sio kwamba hazifai, hazitaki mafuta wala hazioziozi, ila saa saba mchana peku hukanyagi, na ukivunja moja miaka mitatu mbele kupata nyingine ya mchoro ule ule ni bahati.

Hesabu sasa. Mbao ngumu nyingi utazikuta za futi 7, kwa hiyo usichore baraza kwanza halafu ndio uende dukani, chora kwa kufuata mbao. Mfano mita 4 kwa 3: ukichukua mbao ya 1x6 (unene inchi 1, upana inchi 6), ikipigwa randa upana unabaki kama inchi 5 na nusu, acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4 kati ya ubao na ubao, unapata mistari 21, kila mstari mbao mbili zinazokutana katikati, jumla 42, ongeza 4 za kuharibika, 46. Boriti za chini kila sentimita 40 zinakuwa 11, ile ya katikati ifanye pacha maana ndio inabeba maungio yote. Boriti zikae juu ya vinguzo vya zege, zisiguse udongo, na ardhi ya chini iwe na mteremko maji yasilale.

Skrubu nunua stenlesi. Mkongo, mvule na tiki zikilowa na msumari wa kawaida zinatoa madoa meusi yasiyotoka, na zile za zinki nazo zinki ikiisha ni yale yale. Habari njema ziwa letu sio maji ya chumvi kama bahari, stenlesi ya daraja la kawaida, 304, inatosha, muuzaji akikulazimisha 316 mwambie hiyo awauzie watu wa Dar.

Karatasi: dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), angalia alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu, na kama unajiletea mwenyewe kutoka Tabora hakikisha una TP, kibali cha kusafirisha mbao, bila hiyo geti la maliasili mzigo unashuka. Na wale wa Luchelele wanaotaka baraza iingie mpaka majini, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mwaka 2020 maji yalipopanda kila mtu aliona kwanini.

Matunzo sio kazi kubwa. Vanishi sahau, jua linaibandua magamba maji yanaingia chini yake mbao inaozea ndani, na oili chafu ya gari sahau pia, inanuka, inachafua miguu, mvua ikinyesha inashuka ziwani. Fagia nafasi kati ya mbao uchafu usijae, sugua na sabuni na brashi (korongo wakikupendea paa utasugua zaidi), kisha mara moja kwa mwaka kiangazi paka mafuta ya linsidi yanayouzwa kwa jina la boiled linseed oil (usichemshe mwenyewe) au mafuta maalum ya mbao za nje, koti jembamba, futa yanayobaki juu. Paka asubuhi sana na usiku huo zima taa za nje zote, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, hasa siku za mwezi mchanga, wakiona taa watatua kwenye mafuta mabichi na hautawatoa bila msasa. Matambara uliyopakia linsidi yatandaze chini yakauke, usiyafinyange kwenye ndoo, yanajipasha moto yenyewe mpaka kuwaka.